Mbao Nne Zilizokingama

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya salamu nakusihi: barua hii isome peke yako, hata shemeji asiione, na ukimaliza uichome. Baada ya hayo, hujambo? Watoto hawajambo? Na mgongo, umepoa tangu ile kazi ya hapa? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenihama.

Siku ulipotutandikia sakafu hapa masjala, kwenye mlango wa ukumbi ulibadili mwelekeo wa mbao. Ulinieleza kwamba hapo mfereji wa ubao hutazamana na mfereji wa mwenzake, ulimi, ule ukingo mwembamba wa kuingia mferejini, haupo, hivyo unapachika kijiti chembamba kwa gundi katikati, kisha unaanza kurudi upande wa pili. Nikakutania kuwa unafungisha mbao ndoa. Jumamosi ukamaliza, ukaacha mabaki stoo.

Jumatatu jalada la kiwanja cha shule halikuonekana. Funguo za kabati ni mbili, ya mkuu wa masjala na yangu, lakini macho yote yalinigeukia mimi. Mpishi wa chai akaniuliza, kwa upole kabisa, kiti changu namwachia nani.

Asubuhi hiyo niliona mbao nne mbele ya kabati zimekingama, ilhali nyingine zote zinaelekea dirishani. Nilipomuuliza mkuu, alicheka, akasema eti ni urembo wa fundi, nishike kalamu yangu. Baada ya chakula cha mchana nilikuta amezifunika kwa zulia la ofisini kwake.

Jana alipotoka nilipiga magoti. Kijiti cha kiungo cha mbao zile kilikuwa kinacheza, hakina gundi, na mbao zimepigwa misumari juu, vichwa vimefichwa kwa unga wa mbao. Wewe misumari huipitisha kwenye ulimi, haionekani. Niliinua ubao mmoja kwa bisibisi. Jalada limo. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kwa sababu likikutwa mkononi mwangu, mwizi ni mimi.

Sasa, kaka, lililonizuia kulala. Jumatatu mkaguzi aliyeletwa kuchunguza jalada aliponibana, niliogopa, nikadhani mbao zile umezigeuza wewe, nikakutaja. Nilimwambia ulibaki chumbani peke yako. Ameandika, nami nikatia saini. Anakuja kwako Ijumaa.

Usikimbie. Mwombe akulete hapa bila kumwarifu mkuu, umwonyeshe kiungo cha mlangoni, kisha kile cha chini ya zulia. Aone mwenyewe mikono miwili tofauti. Nami nitafuta kauli yangu mbele yako, hata wakinifukuza.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Usipige simu ya ofisini, mkuu ndiye huipokea, na bawabu usimtajie jina langu. Jibu lako mpe fundi viatu wa mkabala na lango letu. Nitampitia saa saba mchana, Alhamisi. Ukiwa umenikasirikia, mpe karatasi tupu, nitaelewa, na Ijumaa nitakuwepo vilevile.

Mdogo wako,
Karani