Ukanda wa Karatasi wa Kijapani

Jumanne

Halafu ananiambia eti ameisafisha!

Shabani, muuza redio za magari pale Kariakoo, hukusanya sidii zinazosahaulika kwenye magari ya Japani yanayoshushwa bandarini. Leo alikuwa na albamu ile ya roki, ya wakongwe wanne waliotoka bendi nne tofauti. Toleo la Kijapani kabisa, lenye wimbo mmoja wa ziada mwishoni. Ila ule ukanda wa karatasi unaozunguka kasha, ndio wenye thamani yote kwetu wakusanyaji, ameuchana akautupa.

“Maandishi hayasomeki, kaka. Wateja wanadhani ni dawa ya Kichina.”

Dawa! Mtu ana dhahabu mkononi, anaipiga msasa. Nikamwambia hajui anachouza. Mimi ninayo nyumbani, na ukanda wake; hii nilitaka iwe ya akiba tu. Sasa abaki nayo.

Hata hakukasirika. “Ule wimbo wa mwisho, kaka, nausikiliza kila asubuhi nikifungua duka. Jamaa anaimba kama anaomba msamaha. We unauonaje?”

Nikamjibu ni mkali sana.

Sijawahi kuusikia. Ya kwangu ina miaka sita kabatini, na sijathubutu kuichana nailoni.