Taa ya Kamera

Jumanne, Homa Bay

Bado naifikiria ile taa. Akinyi, mwanafunzi wa kemia, alinieleza taratibu: rangi iliyo ndani ya chupa yake ikipata mwanga, huunganisha molekuli kuwa minyororo ya plastiki; ukizima taa, minyororo huacha kurefuka. Hivyo ndivyo anavyoamua urefu wake.

Niliandika yote hayo kwa ajili ya gazeti, kisha nikawasha taa ya kamera nimpige picha na chupa aliyokuwa ameiweka gizani.

"Jaduong', mzee wangu, si nimetoka kukueleza?" akasema, akiifunika kwa koti lake. "Sasa hii ni plastiki yako."

Ilikuwa sampuli ya kumwonyesha msimamizi wake Ijumaa. Ataanza upya kesho, na huenda asimalize.

Nitaandika kwenye habari kwamba niliiharibu mimi. Picha imetoka vizuri. Sitaitumia.