Walinipa Kiti Muthara

Jumapili, saa kumi jioni. Ukungu umeilalia Kinoru, hapa Meru mjini, tangu asubuhi na nguo nilizoanika jana bado ni mbichi. Mwili uko hapa. Moyo uko Muthara.

Jana nilifunga kibanda changu cha viazi pale sokoni Gakoromone mapema, nikaenda kwetu Muthara, huko Nyambene, mkutanoni. Ajenda ilikuwa moja: je, sisi watu wa Nyambene tujitenge na Meru, tuwe na kaunti yetu? Wiki nzima wateja walikuwa wakinichokoza. "Mkishaenda zenu, mtakuwa mnatuuzia viazi kwa pasipoti?" Nilicheka nao. Huku mjini mimi ni wa Nyambene tu, na sijawahi kukasirika kuitwa hivyo.

Nikuambie ukweli, shajara: nilikuwa naenda kuunga mkono. Namkumbuka baba akidamka alfajiri kuja Meru mjini kutafuta muhuri wa karatasi ya shamba, anaambiwa arudi Jumatatu. Alirudi Jumatatu nyingi. Hayo ndiyo niliyotaka kusema, nilikuwa nimeyapanga kichwani. Na mkobani nikatia leso kuukuu, maana kwetu wenyeji hukaa nyasini na akina mama hutandika leso. Viti ni vya wageni.

Mlangoni mwa uwanja alisimama kaka yangu mdogo, Kaberia, na daftari la majina. Huyu nilimbeba mgongoni. Aliponiona akacheka, akalifunga daftari.

"Sista, hii ni ya watu wenye wanakaa huku. Wewe kura yako si iko Kinoru? Enda tu pale mbele, nimekuwekea kiti poa."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kutandika leso yangu katikati ya wale mama niliosoma nao, nione nani ataniinua. Lakini watu walikuwa wakitazama, na kiti kilikuwa kimeshapanguswa.

Nilikaa.

Nikaletewa soda. Wenyeji wakabishana saa mbili nzima, huyu akisema tukijitenga ofisi zitatusogelea, yule akisema tutabaki na mabango mapya na barabara zilezile. Sisi wageni hatukupewa nafasi ya kusema. Tulishukuriwa kwa kufika. Habari za Jumatatu za baba zikabaki kichwani mwangu, na macho yangu yakabaki nyasini. Nilitamani kuitwa pale. Mtu mmoja tu angeniita, ningeenda.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nina miaka kumi na tisa tangu niolewe Kinoru, na kwetu nikienda napewa soda.

Mkutano ulipoisha nikapita kwa mama. Siku hizi magoti hayamruhusu kwenda mikutanoni. Nilipokuwa nikitoa sukari na mkate, akaiona leso mkobani, imekunjwa vilevile.

"Kananu, ni mkutano gani huo umetoka na leso safi?"

Nikamweleza. Aliuliza tu kama Kaberia amekula. Kisha akaichukua leso, akaitandika mwenyewe uani, akaniwekea ungo wa maharagwe ambayo bado yako kwenye maganda.

"Nisaidie. Macho yangu yananisumbua."

Macho hayohayo humwona kuku wa jirani akiwa ng'ambo ya barabara. Tukapukuchua pamoja, yeye kwenye kigoda, mimi chini. Nililia kidogo nikasingizia vumbi.

Leo bado sijui kama tujitenge au tubaki. Ofisi ikija karibu, baba hayupo tena wa kuiendea. Na mpaka ukichorwa, utapita kati ya kitanda changu na jiko la mama. Hayo sikuyafikiria nilipokuwa nikipanga hotuba yangu. Lakini kuna mkutano mwingine baada ya wiki mbili, na nimeshamwandikia Kaberia asinitafutie kiti.

Leso iko hapa kwenye kochi, imejaa maganda ya maharagwe na udongo wa kwetu. Mume wangu ameniambia mara mbili niikung'ute.

Sijaikung'uta.