Maelezo ya Mwaija Rehani juu ya Waya Uliochimbiwa Nyuma ya Bafu Lake

KITUO CHA POLISI KOROGWE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwaija Rehani. Umri: miaka 46. Kazi: mkulima. Makazi: kijiji cha ujamaa, Kerenge. Tarehe: 11 Machi 1976, saa 8 mchana.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Mlalamikaji, Mbwana Mhina, ni mume wangu. Mtuhumiwa, Fabiani Simeo, ni jirani yetu na ni mpimaji wa mizani katika shamba la mkonge. Hawa wawili hawasemezani tangu Idi kwa ajili ya bao, maana Fabiani alimfunga mume wangu mbele ya kaka zangu. Nalisema hili mapema ili Koplo ajue hasira ilikoanzia.

Starehe ya Fabiani ni kujiundia redio. Huchukua ubao mmoja, akaunganisha juu yake vikorokoro vya redio mbovu mpaka vikaongea. Masika ya mwaka jana radi ilipita kwenye waya wa redio aliouning'iniza juu ya mwanzi, ikashuka mpaka ndani. Ubao wote uliungua. Siku ile hakula, na mkewe Justa alikuja kuniomba nimsemeshe.

Mnamo tarehe 8 Machi, jioni, Fabiani alikuja kwangu. Alisema, "Shikamoo, mama Swaumu. Naomba nichimbe nyuma ya bafu lako." Nilimuuliza kwake kuna nini. Alijibu kwake ni mawe matupu, na waya wa kuipitisha radi hutaka udongo mbichi. Radi ikipata njia hiyo huenda zake ardhini, ubao ukapona. Alisema mkaa na chumvi huufanya udongo ushike maji. Nilimruhusu. Chumvi nilimpa mimi, na chenga za mkaa ni za jikoni kwangu.

Kabla mume wangu hajarudi nimwambie, nililetewa habari kuwa binti yangu Swaumu ameshikwa na uchungu. Nilipanda lori la kijiji kwenda Old Korogwe. Amejifungua mtoto wa kike, wote wazima.

Leo asubuhi nikasikia jirani yangu yuko mahabusu kwa uchawi. Nilimkuta mume wangu hapa kwenye benchi. Alinieleza kuwa alfajiri ya tarehe 9, akienda kutawadha, alimwona Fabiani amechuchumaa anamwaga chumvi shimoni huku akitamka maneno yasiyoeleweka. Akaamini anatuitia radi, hasa kwa kuwa tumeezeka bati juzi tu. Akavifukua vyote, akavileta polisi. Nilimwambia ruhusa ya kuchimba nilitoa mimi, tena Fabiani ni mwanakwaya, na akifanya kazi huimba nyimbo za kanisani za Kilatini. Akasema, "Sasa Kilatini mimi nitakijulia wapi, tena alfajiri?" Nilicheka, wala sikuona haya.

Nimeonyeshwa vielelezo: jembe bovu lililofungwa waya wa shaba ili lifukiwe, na mkaa. Mkaa ni wangu.

Koplo aliniruhusu kuzungumza na Fabiani dirishani. Nilidhani ataniuliza habari za kesi. Aliuliza kama mvua imenyesha Kerenge. Waya wa chini umefukuliwa, lakini wa juu bado umeshikana na ubao mpya aliouhangaikia mwaka mzima, na nyumba imefungwa kwa sababu Justa yuko hapa anamletea chakula. Nilimwambia mawingu yametanda milimani. Akashika nondo za dirisha, akachungulia angani. Iliniuma sana.

Nilipofika hapa katika maelezo, ngurumo imesikika. Mume wangu ameinuka kwenye benchi, akaenda dirishani, akasema, "Bwana mdogo, ule waya wa juu nikiuchomoa nitakufa?"

Fabiani akamjibu, "Radi ikishafika usiuguse, mzee. Lakini bado iko mbali. Tukitoka sasa tutaiwahi."

Mume wangu amenitazama. Mimi nimemtazama Koplo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na sina la kuongeza ila kuomba tuharakishe.

Sahihi: Mwaija Rehani

Maelezo nimeyaandika mimi, Koplo Matayo, nikamsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Amekataa kuweka dole gumba, akasema darasa la watu wazima amelimaliza. Mlalamikaji ameondoa lalamiko na mtuhumiwa ameachiwa saa 9 alasiri. Vielelezo amevipokea mlalamikaji. Ametoka mbio navyo, mtuhumiwa nyuma yake akimwambia asiukunje waya.