Alama ya Chaki kwenye Nguzo ya Kumi na Nne

Jumatatu, 21 Julai

Kati ya Biryogo na mwisho wa dunia hakuna mchomeleaji kama mimi. Mbingu ikipata ufa leo, malaika watashuka Nyamirambo kuulizia kwa Saidi ni wapi. Astaghfirullah. Lakini wataulizia.

Siku ya nane kwenye gati la Mama Keza, huku ziwa Muhazi. Pikapu imetoka karakana ya Masaka saa kumi na mbili asubuhi, mimi nyuma juu ya mabomba, baridi ya kung'oa masikio. Nyumba yake ya wikendi ina bustani inayoteremka mpaka majini. Nyasi zake zimenyolewa vizuri kuliko kichwa changu. Mwenyewe kakulia Mwanza, ofisi yake iko Kimihurura, na hawezi kukuomba usogee bila "tafadhali" mbili. Jumamosi ya tarehe mbili ni gusaba ya binti yake. Ukoo wa mume unakuja kumwomba Keza, halafu wageni wote watateremka kwenye gati kupiga picha. Kwa hiyo gati liwe tayari. Mbao za sakafu zimeshalala. Zimebaki reli za kushikia: nguzo kumi na nne, saba kila upande.

Leo nimesimamisha nne. Mishono imelala kama nywele za Aisha akitoka saluni.

Fideli, fundi wetu wa rangi, mkubwa kama kabati, anaimba nyimbo za kwaya kutwa. Nimemwambia samaki wote wamehamia upande wa pili wa ziwa. Kacheka. Fideli hakasiriki, ndiyo shida yake. Naandika Kiswahili makusudi. Cha kwake ni cha kununulia nyanya tu, akiliokota daftari hili hataambulia kitu.

Jumanne, 22 Julai

Fundi Rama, mkubwa wetu wa karakana, kanikera, basi leo ni zamu yake kuandikwa.

Macho yake yameliwa na moto. Ujanani alichomelea bila kioo, anafumba jicho moja tu. Sasa akikumiminia chai, sahani ndiyo inayokunywa. Anadhani hatujui. Tunajua wote, tunanyamaza, maana sikio lake bado ni la shetani. Ana nyundo ndogo, mpini wa mkaratusi, imekaa naye kabla mimi sijazaliwa. Anagonga kila mshono, anainamisha kichwa. Chuma kilichoshikana kinalia. Kisichoshikana kinakohoa. Kikilia, anachora ra ya Kiarabu kwa chaki, kindoano kidogo. Hakuna alama, hakuna rangi. Fideli hachovyi hata brashi mpaka aione ile ra.

Leo nguzo ya tano. Kagonga. "Hii inakohoa."

Nikamwambia ni upepo wa ziwani.

"Upepo hauingii ndani ya chuma, mwanangu. Kata, rudia."

Nimekata. Ndani kulikuwa na tundu la kuingia punje ya dengu. Namchukia akiwa na haki. Yuko na haki kila siku.

Alhamisi, 24 Julai

Nguzo kumi na tatu zimesimama. Kumi na tatu zimegongwa. Kumi na tatu zimelia. Nani mwingine?

Nimegombezwa kwa sababu ya vijiti vya kuchomelea. Niliacha paketi wazi kando ya maji, vikanywa umande. Kijiti kikilowa hakishiki, kinatema cheche kama mtoto anayekataa dawa. Fundi kaniambia nivianike juani na kesho nivipashe moto kabla ya kuvitumia. Nimesema ndiyo, Fundi. Kusema ndiyo ni rahisi.

Aisha kakubali. Kesho saa kumi jioni, chai pale kwetu Biryogo, kwenye ile barabara isiyopitisha magari. Kasema nikichelewa dakika tano anaondoka na kiti. Yule anaweza.

Ijumaa, 25 Julai

Kazi imekwisha. Nguzo kumi na nne, alama kumi na nne.

Fundi alikwenda kuswali Ijumaa na dereva wa pikapu. Mimi nilibaki kufanya usafi. Mungu anajua. Nguzo ya mwisho aliigonga kabla hajaondoka. Baadaye jenereta likaishiwa petroli, lakini haikudhuru, tulikuwa tumeshamaliza. Aliporudi kazikuta alama zote. Tukaondoka.

Aisha kavaa njano. Kasema nanuka moshi. Nikamwambia hii ni harufu ya fundi mkuu wa kesho. Kasema kesho ifike na sabuni.

Siku nzuri. Niandike hivyo. Siku nzuri.

Jumamosi, 26 Julai

Umuganda, ile kazi ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi. Tumezibua mtaro mpaka saa tano, mtaa mzima na majembe. Wengine wameegemea majembe. Mimi nimefanya kazi kama punda, jirani kauliza kama nina homa.

Nilifikiria kwenda Muhazi kwa moto, hizi pikipiki za abiria. Kuna nguzo moja nataka kuiongezea mshono. Urembo tu. Lakini jenereta halina petroli, na mlinzi wa kule ataniuliza nataka nini peke yangu. Fideli haanzi rangi mpaka Jumatatu. Jumatatu nitawahi kuliko wote.

 

Jumatatu, 28 Julai

Pikapu imepata pancha. Dakika arobaini. Nimebadilisha tairi mbio mbio, dereva kanicheka.

Fideli anaishi upande ule wa ziwa, hakutusubiri. Tulipofika getini nilimsikia anaimba kule chini. Nikaanza kukimbia. Fundi kaniuliza nakimbilia nini.

Wimbo ukakatika.

Ilikuwa nguzo ya kumi na nne, ile ya mwisho kabisa, kwenye kina. Aliegemea reli ili brashi ifike upande wa nje. Nguzo ikang'oka na reli na Fideli. Alijipiga kwenye chuma cha chini kabla ya kufika majini.

Mimi nilisimama. Niandike ukweli huo angalau. Nilisimama kwenye mbao na kutazama kopo la rangi nyekundu likimwagika. Fundi alinipita na viatu vyake, akaingia majini, mtu asiyeona kikombe mezani. Aliifuata sauti ya Fideli moja kwa moja. Alimshika kwenye ukosi, akaniita kwa jina mara mbili ndipo nikashuka kusaidia.

Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Mbavu pia.

Vijiti vile vya dukani siku hizi ni takataka. Na chuma chenyewe chembamba. Na mtu mzito vile anaegemea reli ya nini?

Jumanne, 29 Julai

Hospitali. Fideli kavimba, mdomo umekauka, bado anatania. Kasema samaki wamerudi, wamekuja kumtazama. Nilicheka.

Kisha kaniuliza, "Sha, muzehe Rama anaendeleaje? Maana aliigonga. Niliona alama."

Nikasema anaendelea vizuri. Nikaenda kumtafutia maji ambayo hakuyaomba.

Mama Keza alikuwa mlangoni. Analipia matibabu yote, hajapaza sauti hata mara moja. Ningependa apaze. Kamshika Fundi mikono yote miwili na kumwambia, "Mzee wangu, sikulaumu hata kidogo. Lakini naomba unielewe, siwezi kuwapandisha wageni wangu kwenye kazi ya macho haya."

Kumbe naye alijua.

Fundi kasema ndiyo, mama. Hakujitetea. Suruali yake ilikuwa bado na tope la ziwa.

Alhamisi, 31 Julai

Mama Keza kaleta injinia wa kukagua. Kijana, viatu visafi, kifaa cha kupimia. Kapima nguzo kumi na tatu, zote nzima. Kauliza nani kachomelea. Wakanionyesha mimi. Kasema mkono mzuri. Wiki iliyopita ningeenda kulala na maneno hayo mdomoni kama pipi.

Kisha kaokota ile iliyong'oka. Haikuhitaji kifaa. Mshikizo wa nukta mbili tu, mshono haupo, na juu yake alama ya chaki inaonekana chini ya rangi. Kauliza alama ya nani.

Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote. Mimi, msemaji wa mchana kutwa, nikainama kukusanya nyaya.

Fundi kaishika nguzo, kapitisha kidole gumba pale palipokatika. Kapitisha tena. Akasema, "Siikumbuki. Lakini chaki ni yangu."

Tulipofika Masaka, Fundi kamwambia dereva mbele yangu kwamba kuanzia wiki ijayo Saidi ndiye atakayeongoza karakana. Dereva kanipiga bega. Hongera.



Jumamosi, 2 Agosti

Gusaba imefanyika. Dereva alipeleka viti, ndiye kanisimulia. Keza kapendeza. Gati wamelifunga kwa kamba, wakapitisha maua juu ya kamba ili isionekane kamba. Picha zimepigwa kwenye nyasi, ziwa nyuma.

Mimi nilikuwa karakana. Nilimkuta Fundi amefika kabla yangu. Amepanga vyuma sakafuni, mageti, madirisha, mabaki ya zamani, vizima na vibovu vimechanganywa. Anagonga kimoja, anasubiri, ananiuliza.

"Hiki unasikia nini?"

"Kinalia, Fundi."

"Na hiki?"

"Kinakohoa."

"Mimi pia nasikia hivyo." Akagonga tena. "Mbona ile sikuisikia?"

Tumefanya hivyo mpaka adhuhuri. Hakukosea hata kimoja. Kila alipopatia alizidi kunyong'onyea, maana kama sikio ni zima basi kilichooza ni kichwa. Kasema hivyo mwenyewe, taratibu, kama mtu anayesoma karatasi ya daktari. Mkewe Mama Zuhura alikuja kumletea chakula, kanivuta pembeni. Kasema nyumbani anagonga sufuria. Anagonga vikombe. Juzi kamuuliza mara tatu, "Nimeswali alasiri?", wakati aliswali mbele ya macho ya mkewe.

Alipofunga karakana kanipa nyundo. Nikasema sitaki. Kaniwekea mkononi na kuvikunja vidole vyangu kimoja kimoja juu ya mpini. Kasema bora ikae kwa mtu anayekumbuka alichokigonga.

Nimeipokea. Nimesema asante.

Jumapili, 3 Agosti

Asubuhi. Chai imepoa. Nyundo iko mezani. Mpini umechimbika kwa umbo la vidole vyake, vyangu havikai.

Naenda kwake sasa hivi. Kwa moto. Nikienda kwa miguu nitageukia njiani. Kutoka kwake nitapita hospitali kwa Fideli, halafu nitampigia Mama Keza. Lakini kabla sijatoka nianzie hapa, maana hapa pia nilidanganya, na daftari halikuwa limeniuliza kitu.

Ijumaa ile Fundi aliondoka nguzo ya kumi na nne ikiwa bado imelala kwenye nyasi. Niliisimamisha peke yangu. Vijiti vilivyobaki ni vile vya umande, sikuvipasha. Nukta ya kwanza ikashika. Ya pili ikashika. Ya tatu ikatema, na jenereta likazima. Ilikuwa saa nane na nusu. Aisha saa kumi. Nikaokota chaki, nikachora ra. Nimesoma madrasa, ra yangu nzuri kuliko yake.

Lakini hilo bado silo. Mshono mbaya unakatwa, unarudiwa. Ningeweza kuurudia.

Aliporudi kutoka msikitini aliteremka mpaka mwisho wa gati, nyundo mkononi. Akapapasa ile nguzo. Kisha akaniuliza, "Saidi, hii ya mwisho niliigonga?"

Nilikuwa nimeshabeba mfuko wangu. Nikamwambia, "Uliigonga kabla ya kuondoka, Fundi. Umesahau?"

Akacheka. Akairudisha nyundo mfukoni. "Uzee," akasema.

Hakuwa amesahau kitu.