Mikidadi na Wimbo wa Nne

Latifa, Mikidadi wetu wa redio kajifungia stoo, hataki kutazamana na mtu.

Leo kwenye kipindi alikuwa anapendekeza albamu mpya na za zamani zilizotolewa upya. Akaisifia moja ya dansi, ya mwaka 1989, halafu akasema, "Ila wimbo wa nne urukeni. Huyo mwanamke anaimba kama anapanda mlima."

Kama anapanda mlima. Hewani kabisa.

Simu ya wasikilizaji ikaita. Mama yake mzazi, kutoka Mgeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni mimi nilikuwa naimba pale, mwanangu. Sikuwahi kukuambia. Nilikuwa na mimba yako, pumzi zinaniishia."

Mikidadi akaupiga wimbo huo wote mpaka mwisho, kainamisha kichwa mezani.