Pakiti ya Kijani Juu ya Kompyuta

Chiayi, mwisho wa majira ya joto

Kwa kaka yangu Kuan-ting,

Salamu nyingi zikufikie huko Hsinchu, pamoja na wasiwasi wangu juu ya tumbo lako, maana nakujua: ukiwa peke yako unaishi kwa tambi za kumwagia maji ya moto. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Sisi hatujambo. Goti la Baba bado linamsumbua, ila mdomo ni mzima, na habari yenyewe ndiyo hiyo.

Tangu tumzike Mama, podikasti ndiyo inayomtoa Baba kitandani. Yeye anasimulia visa vya mtaa wetu, mimi narekodi na kuhariri. Juzijuzi wasikilizaji wakaanza kulalamika kwamba akicheka anawapasua masikio, na akinong'ona hasikiki. Nikaibana sauti kwa kompyuta, ya juu ishuke, ya chini ipande. Lo! Kikapanda na kitu kingine, mchakacho kama mtu anayekutafunia bisi sikioni. Baba alipousikia aliisukuma maikrofoni pembeni, akasema kama hasikiki basi anaongea na nani. Akarudi kulala mchana kweupe. Kaka, niliogopa sana.

Nikakimbilia jukwaa la mafundi wa sauti mtandaoni. Nilimwaga shida zote kwa pumzi moja, bila aya wala nukta, tena nikaanzia msibani. Walinichamba! Mmoja aliuliza kama naandika wosia, mwingine akasema macho yake yametokwa jasho. Ni mmoja tu, anayejiita Supu Baridi, aliyenielekeza kwa upole: tatizo likae kwenye kichwa cha habari, aya ziwe fupi, kila kifaa mstari wake, kipande kifupi cha sauti, na mwisho swali moja basi. Nikaandika upya, na watu wakaanza kujibu kiungwana.

Supu Baridi akaniambia nabana kupita kiasi, tena nabana faili lililokwisha kubanwa. Nirudi kwenye rekodi halisi, nibane kidogo tu, na lile faili dogo la kupandisha mtandaoni nilitengeneze mwisho kabisa. Akauliza pia Baba husema nini anapomaliza, kwa sababu pale mchakacho humeza maneno. Kisha akaandika: "Toa ile pakiti ya kijani juu ya kompyuta, mliyoiegemeza kwenye redio ya Mama. Feni inaitikisa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Pakiti ya Baba ya vitafunio, hirizi yake ya kompyuta! Kila mwenye mashine huku anajua masharti yake: iwe ya kijani, isiliwe, isipitwe na tarehe, ndipo mashine itulie. Kumbe mlinzi wetu ndiye aliyekuwa akituharibia. Niliitoa, nikamwamsha Baba, tukarekodi, na sauti ikatoka safi kabisa. Baba akaomba chai.

Nilipokuwa namchemshia ndipo nikashtuka. Pakiti mtu yeyote angeweza kuikisia. Redio ya Mama sikuitaja popote.

Kumbe Supu Baridi ni wewe. Wewe uliyesema mbele ya jeneza la Mama kwamba porojo za Baba hakuna atakayezisikiliza, ukaondoka bila kuaga. Unasikiliza, kaka! Nimelia kwa furaha, na usinicheke.

Nilimwambia Baba. Akaifuta maikrofoni kwa shati lake. Jibu la swali lako ni hili: kila anapomaliza hunong'ona, "Umeshakula?" Siku zote hizi nilidhani anawauliza wasikilizaji.

"Wasikilizaji wana wa kuwauliza," akaniambia. "Mimi nilikuwa namuuliza kaka yako."

Sasa inasikika vizuri. Isikilize mpaka mwisho, halafu umpigie umjibu. Shangazi anakusalimu, na majirani wote pia.

Mimi mdogo wako mpenzi,
Pei-yun

Baba amepika wali wa watu watatu. Sisi bado hatujala.